Chupa Zangu Ziko Juu ya Ukuta Wako

S.L.P. 614,
Migori.
9 Oktoba 2024.

Mpendwa kakangu Okemwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Marekani? Wifi na watoto wanaendeleaje na baridi? Sisi tu wazima. Mguu wa Mama umepoa, na Sabato iliyopita alitembea mwenyewe hadi kanisani. Mahindi tumevuna. Hizo ndizo salamu, sasa nisikilize.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nikikupigia unasema mtandao ni mbaya, kisha unakata.

Kwani nilikukosea nini? Ukuta uliotaka ujengwe kuzunguka boma umekamilika. Juu yake fundi Makori amepachika vipande vya chupa, kama ulivyomwagiza, ili mwizi akiparamia akatike mikono. Chupa zenyewe ni zangu, Okemwa. Zote arobaini na moja! Makori anasema alikuuliza kwa simu atoe wapi chupa, ukamjibu, "Si kuna takataka za Joyline kwa stoo? Vunja hizo." Mimi nilikuwa sokoni na ndizi zangu. Niliporudi nilikuta nyundo na gunia tupu.

Takataka! Ngoja nikueleze hiyo takataka.

Unakumbuka nilivyorudi hapa kutoka kwa Obare, aliponifukuza kwa kukosa mtoto. Nilikuja na begi moja. Nilikuwa silali, sili, naogopa hata kukaa barazani watu wasije wakaniuliza maswali. Basi Mwalimu Nashon, yule tuliyesoma naye, sasa anafundisha Homa Bay, akanipeleka Masara, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Wachimbaji wakitupa udongo, chupa za wazee wa kale hutoka nao. Ya kwanza niliyookota ilikuwa ya dawa, ya buluu, ndogo kama kidole gumba.

Nashon alinifunza kuilowesha kwa maji ya sabuni usiku kucha, kisha kutia mchele na maji ndani na kutikisa, maana mchanga unakwaruza kioo. Alinionyesha ule mshono ubavuni. Ukiishia shingoni, chupa ni ya zamani sana. Ukifika mdomoni, hiyo ni ya juzi juzi tu. Nikawa nazitafuta kila mahali. Wamama wa soko la Ogwedhi waliniwekea. Mvuvi wa Takawiri alinipa moja iliyonasa wavuni. Kanisani wakanong'ona eti Joyline siku hizi anaokota chupa za pombe. Nikavumilia, kwa sababu usingizi ulikuwa umerudi. Kila chupa niliiandikia karatasi yake: siku, mahali na jina la aliyenipa.

Iliyoniuma zaidi ni ile ya soda ya zamani, yenye gololi ya kioo shingoni iliyokuwa kizibo chake. Gololi imezama kwenye simiti, nimejaribu kwa patasi haitoki. Na wanafunzi wa Nashon walikuwa waje mwezi ujao kuziona. Niwaonyeshe nini, ukuta?

Asiyekujua hakuthamini, walisema. Lakini wewe unanijua! Tumelala kitanda kimoja utotoni. Namba yangu unayo. Ulishindwa nini kuuliza?

Mama ananiambia hasira hasara. Nimemjibu hasara nishaipata, aniachie hasira yangu.

Usinitumie kitu, na usimtume Mama kuniongelesha. Nipigie mwenyewe uniombe msamaha. Jumapili narudi Masara na jembe, na nitakazopata nitaziweka kwa Nashon.

Tangu tuzaliwe, boma hili halijawahi kuingiliwa na mwizi. Wa kwanza ni wewe, na uko Marekani.

Nisalimie wifi Nyamoita na watoto. Mama anakusalimu, pia Baba Mdogo Nyamongo. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe moyo wa kushika simu.

Wako akupendaye, hata leo,
dada yako,
Joyline.