Mama Anataka Niseme Nilikuwepo

Mshauri wangu, nisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, naomba msaada wako maana nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni fundi cherehani, nina kiduka na mwenzangu mmoja, binti ambaye tumeshona pamoja miaka sita, ananiita dada nami namwita mdogo wangu, na nina kaka yangu wa damu, fundi wa kutengeneza cherehani, ambaye huja kila zikigoma. Mwezi uliopita alikuja, zipu zikawa zimetuishia, nikatoka kwenda kununua nikawaacha wawili, hata nusu saa haikufika. Niliporudi kaka anatia mashine mafuta huku anapiga mluzi, na mdogo wangu kasimama na pasi mkononi, gauni la mteja linaungua wala haoni. Nikamfokea, "Umelala?"

Wiki iliyofuata akajirekodi video, akasema siku ile kaka yangu alimsukumia ndani ya chumba cha kupimia nguo akamshika kwa nguvu, na video ikaenea simu zote za mtaa. Kaka anaapa hakumgusa. Hajashtakiwa, hakuna aliyemsikiliza, lakini mlango wa karakana yake umepakwa rangi nyekundu neno nisiloweza kuliandika, wateja wamemkimbia, wifi kachukua watoto kaenda kwao, kaka mwenyewe amelala kautazama ukuta, hali wala hasemi. Ndugu zangu nao wamemtukana yule binti hadi kahama chumba. Jumatatu naitwa polisi. Mama kaniambia, "Sema ulikuwepo, hukutoka hata hatua." Nikasema, "Mama, sikuwepo." Akanijibu, "Basi umemzika ndugu yako kwa mikono yako." Nikimtazama kaka namwamini, nikikumbuka lile gauni namwamini mdogo wangu. Nifanye nini?

Fundi Aliyechanganyikiwa

*

Pole sana, dada. Sitakudanganya kwamba utatoka humo ukiwa nao wote wawili. Huenda ukabaki bila hata mmoja.

Ila nikuulize: ndugu zako walipomtukana binti wa watu, wewe ulisema nini? Barua yako imenyamaza hapo, nami nimeelewa.

Kaka yako hana hatia mpaka ithibitike, na waliopaka mlango wake rangi wamejifanya mahakama. Lakini haki hiyo haimgeuzi binti kuwa mwongo. Naye anastahili kusikilizwa bila matusi. Mtaa umemhukumu kaka yako kwa video, nyinyi mkamhukumu binti kwa undugu. Tofauti yenu ni ipi?

Huo uongo wa mama uache. Kama kaka yako hakufanya kitu, siku muuza zipu atakaposema ulikuwa dukani kwake, wewe ndiye utakayemponza. Kama alifanya, utakuwa umemsaidia kumshika binti mikono.

Jumatatu nenda peke yako. Sema ulitoka, ulirudi, uliona nini, ulisikia nini. Ukiulizwa unamwamini nani, jibu hujui, kwa sababu kweli hujui. Usiongeze neno. Kabla ya hapo waite hao ndugu zako, waambie wafunge midomo, na simu zao pia. Kisha mpelekee kaka yako chakula, ukae naye, usimhoji. Binti mtumie ujumbe mmoja tu: kwamba utasema ulichokiona, basi.

Mama atakununia, pengine mwaka, pengine hadi mmoja wenu azikwe. Nenda hivyo hivyo.