Kifungio ya Mulango ya Nyuma

Papa Masika,

Kaa vizuri pale uko, nikuletee habari. Binti yako anatoboa mbao bila moto na bila jasho! Ndiyo, Masika wetu, mutoto mwanamuke wa miaka kumi na ine, ni yeye anashika mashini. Quartier yote, mutaa muzima hapa Butembo, inajua, juu niliwaambia mwenyewe. Nani mwingine angewaambia?

Ni shemeji yako, kaka yangu ule anaendaka Dubai, alituletea. Inaitwa perceuse, mais hii haina kamba ya courant, ya umeme. Nguvu yake inakaa mu batri, chini pale unashikia. Nimeigeuza, nimeichungulia mu matundu yote, nimeiweka pa sikio kama mutu anasikiliza kifua ya mutoto. Ile nguvu inaingilia wapi? Ikishaingia, inalalaka wapi? Wewe ungeifungua siku ile ile, na kuirudisha kungekushinda.

Hapana kunicheka kwa hii nakuambia sasa. Siku ya tatu ikachoka, ikaacha kuzunguka. Nikasema, bon, hiyo najua! Nikapanda ngazi, nikaanika batri juu ya mabati, mu jua, vile tunaanikaka majiwe ya radio yakiisha nguvu. Siku mbili nzima! Hata mama jirani nilimuita akuje aone akili yangu. Tukairudisha mu mashini: kimya. Masika akasema, "Mama, hii hapana jiwe ya radio. Inakulaka courant." Sasa tunaipeleka pa paroisse, kwa mapadri, siku banawasha groupe, ile mashini yao ya kutoa courant, inarudi imeshiba. Mais kwa nini jua inashibisha jiwe ya radio na hii inaikatala? Kama huko kuko fundi, niulizie.

Donc, kazi. Tangu tulikuzika, nyumba nayo ilianza kulegea. Masika alirudisha dirisha, akakaza kitanda, akatundika kabati ya sahani zangu. Ile shimo wewe ulikuwaka unatoboa na chuma ya moto, unapuliza, moshi inakutoa machozi, yeye: vrrr, imekwisha. Usikasirike. Shimo yako ilikuwa na harufu muzuri. Ya mashini hainuki kitu.

Kilichobakia ni mulango ya nyuma. Basoda, wale maaskari, walipita mwezi uliopita, wakaipiga teke, mbao ikapasuka na kifungio yako ikavunjika. Tangu hapo tunaiegemezea kitanda, na nikienda shamba, miguu inaenda, roho inabaki pa mulango.

Siku tuliweka mbao mupya, nikamwambia Masika: "Kifungio weka juu, pa kifua yangu. Papa yako alipimaka vibaya."

Unajua hiyo maneno. Nilikucheka nayo miaka ngapi? Fundi murefu kama muti ya kalitusi, anaweka kifungio pa mapaja! Kila asubui nikiinama: "Papa Masika, hii mulango uliijengea mbuzi?" Na wewe unacheka tu, unapuliza chuma yako.

Masika akaweka mashini chini.

"Mama, Papa hakupima vibaya. Alinipima miye."

Akanieleza. Vita ya kwanza ilikuwa inakaribia. Mimi nilikuwa sokoni. Masika alikuwa kimo ya Kavira, mudogo wake, vile anaonekana leo, na Kavira angali wa kubebwa. Ukamufunga Kavira mu mugongo ya dada yake, ukamwambia Masika asukume kwa mukono moja, na pale mukono ilikuwa na nguvu ukaweka alama ya makala. Ukasema: "Ukisikia masasi na siye hatuko, fungua, ingia mu migomba, usitungojee. Na mama usimwambie, atakosa amani."

Papa Masika. Ile siku ya masasi... Mimi nilirudia mbio, nikakuta nyumba wazi, nikawakuta wote wawili mu migomba, wazima, Kavira anasinzia. Nikazunguka quartier nikijisifu ya kwamba akili ile Masika aliitoa kwangu. Ulisikia. Ukanyamaza.

Kwa nini ulinyamaza? Hiyo nayo nataka kujua, kuliko mambo ya batri.

Nilikaa chini pale pale, juu ya vipande ya mbao. Kisha nikamuita Kavira. Nikamwambia asukume kwa mukono moja. Masika akaweka alama ya makala, akatoboa, akakaza visi ine, ile misumari ya kuzungusha. Kavira akafungua, akafunga, akafungua tena, anacheka. Leo nilienda shamba na roho yangu yote.

Wasingya, aksanti, Papa Masika. Pumzika. Batri nitaiweka kila mara imeshiba, na quartier nitaizunguka tena niwaambie akili ile ilikuwa yako. Bon, nusu. Na kila asubui nikifika pa ile mulango, sitasema tena kitu.

Nitainama tu.

Mama Masika