Taa Zangu Zilipimwa Gari Likiwa Tupu

Alhamisi, magharibi imeshaingia. Joto halijapungua, upepo hakuna, na mimi sitaki kusemeshwa na mtu.

Simu ya biashara nimeizima. Anayetaka masufuria ya harusi na asubiri.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua nina ugomvi wa siku nyingi na taa za magari. Nimeshawaandika madereva wa malori ya bandarini. Nimewaandika wenye pikipiki, wanaofunga taa moja nyeupe utadhani wanamulika uwanja wa mpira. Nimewaandika wale wa Nyali wanaokuja Shelly Beach Jumapili kula samaki, na wakirudi jioni na magari yao marefu, mwanga wote unaingia machoni mwetu tulio chini. Nimewaita majina ambayo marehemu mama angenifinya kwa kuyatamka. Siombi radhi kwa hayo. Anayewasha taa fulu mbele ya watu wanaotembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu hana haya, na nitalisema hilo mpaka siku nitakayozikwa.

Leo lakini hasira yangu imekosa pa kwenda. Inazunguka humu humu ndani.

Nianze na Jumatano ya wiki iliyopita, kwa yeyote ambaye hakuisoma. Ami Bakari, ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Jioni hiyo alikuwa anakwenda msikitini kwa sala ya isha, kwa miguu, njia ile ile anayopita miaka yote. Kwenye kona, kabla ya duka la kuni, gari likamtia kiwi cha macho. Akasogea pembeni asione anakokanyaga, akatumbukia mtaroni. Muundi wa mguu wa kulia umevunjika. Ana miaka sabini na moja.

Niliitwa nikiwa ndiyo kwanza nimefika nyumbani. Nilikimbia mpaka pale, nikamkuta dereva wa tuktuk anaitwa Kazungu amemkumbatia Ami, anajaribu kumtoa mtaroni. Tuktuk yake imesimama kando, taa zinawaka, na ile mistari ya taa za buluu aliyoibandika mbele nayo inametameta. Mimi nikaona taa. Sikuona kingine.

Nilimtukana mbele ya watu. Nilimwambia amemuua mzee wangu. Watu wakajaa, na kila aliyekuja alikuta nimeshatoa hukumu. Kazungu alisema maneno machache tu. Alisema, "Mama Rukia, si mimi. Ni pikapu, imepita na mzigo." Nikamwambia asitafute pa kutupia uchafu wake. Kisha nikapiga picha tuktuk yake, mbele na nyuma, na yeye mwenyewe amesimama pale na matope ya mtaroni mpaka magotini, nikaiweka hapa kabla hata Ami hajafungwa plasta. Niliandika, "Huyu ndiye."

Na tuktuk hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka Ami hospitali. Nilikaa nyuma nimemshika mguu, huku nikiendelea kumtukana anayetuendesha.

Ile picha ilizunguka Likoni nzima. Wanawake wa majikoni, wateja wangu wote, waliitumiana. Siku ya pili mwenye tuktuk akamnyang'anya Kazungu ufunguo. Nilipopata habari nilifurahi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, nilifurahi, na chai ya siku hiyo niliinywa kwa raha.

Sasa tuje leo.

Chini ya ile picha kuna mwanamke alikuwa ameandika maneno mafupi: "Mama Rukia, hata pikapu yako wewe hututia kiwi." Nililiona neno hilo jana na likaninyima usingizi. Mimi? Mimi ninayezima fulu nikiona hata mbuzi mbele yangu? Taa zangu zilipimwa na fundi miezi miwili iliyopita, nami nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Nikasema kesho nampelekea Juma fundi hili gari alipime tena, nichukue video, niiweke hapa, na huyo bibi nimfunge mdomo.

Kwa wasiojua kazi yangu: nakodisha vyombo vya shughuli. Masufuria ya pilau yale makubwa, masinia, viti, maturubai. Leo asubuhi nilitoa vyombo kwenye hitima Mtongwe na mchana vilitakiwa kwengine, kwa hiyo nilifika kwa Juma gari limejaa mpaka juu.

Juma ana banda la mabati, akifunga mlango ndani ni giza hata saa nne ya asubuhi. Ukutani amechora mstari wa chaki. Gari linaelekezwa ukutani, taa zinawashwa, mwanga unatakiwa ukomee kwenye mstari. Hakuna la ajabu. Akaniambia, "Shusha mzigo kwanza, hatupimi na mzigo." Ndivyo wanavyofanya wote. Mara ile ya kwanza pia nilishusha, tena kwa hiari yangu, kwa kuogopa masinia yangu yasichubuke.

Leo nilikuwa na haraka, na nilishaamka na shari. Nikamjibu, "Kwani barabarani naendesha gari tupu?"

Akanitazama. Kisha akafunga mlango wa banda, akaniambia niwashe.

Mwanga haukukomea kwenye mstari. Ulipanda juu ya mstari, ukapita rafu yake ya vifaa, ukafika kwenye kalenda iliyotundikwa juu. Msaidizi wake aliyekuwa amesimama pale aliweka mkono usoni. Nikasema, labda nimewasha fulu. Juma akaja mwenyewe dirishani, akaangalia. Ilikuwa dimu, taa ya chini. Dimu yangu, ile ninayojisifia, ndiyo hiyo iliyokuwa inamulika kalenda.

Tukashusha vyombo vyote. Gari lilipokuwa tupu mwanga ulishuka wenyewe mpaka kwenye chaki, ukatulia pale kama tulivyouacha miezi miwili iliyopita. Juma akanionyesha springi za nyuma. Zimechoka. Nikipakia, nyuma inalala, pua inanyanyuka, na taa zinatazama watu usoni. Na mimi gari hili sijapata kuliendesha tupu zaidi ya siku mbili kwa mwezi. Tumelipima kwa namna ambayo halitembei.

Juma alikuwa anaeleza bei ya springi. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine kabisa.

Jumatano ile nilitoka Mtongwe na masufuria ya harusi. Nilipita kona ya duka la kuni watu wakielekea isha. Nakumbuka hasa nilipokuwa kwenye kona, kwa sababu lori lilinijia na taa zake zote, nami nikatoa kichwa dirishani kulitukana. Nilikuwa nimetazama upande wa lori. Upande wa mtaro sikuutazama.

Ni pikapu, imepita na mzigo.

Sikwenda kwenye ile shughuli ya mchana. Niliviacha vyombo na gari kwenye banda la Juma nikaenda kwa Ami moja kwa moja.

Nilimkuta kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Shikamoo, marahaba. Nikakaa kwenye mkeka. Nilitaka anikatalie. Nilikuwa nimejitayarisha kumsikia akisema la, mwanangu, haikuwa wewe, gari lile lilikuwa jengine. Nikamuuliza kama alilijua gari lililomtia kiwi.

Aliurekebisha mto chini ya mguu. Kisha akasema, "Sikuliona. Lakini nilisikia masufuria yakigongana."

Likoni hii nani mwengine anapita na masufuria jioni?

Alijua. Alijua akiwa bado mtaroni. Alijua nilipokuwa nikimtukana Kazungu juu ya kichwa chake, na alijua ndani ya tuktuk, na siku zote nane zilizofuata alikula uji wangu akiwa anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nimekusitiri, mwanangu," akasema. "Wewe ni damu yangu. Aibu yako ni aibu yetu. Yule ni mtu wa kuja."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayenipa kitu. Sitara kwetu ni jambo kubwa. Nimelelewa nayo: ya nyumbani hayatoki, wa kwako humvui nguo mbele za watu. Mimi mwenyewe nimesitiriwa mara nyingi na nyumba hii na nimeshukuru. Lakini Kazungu amezaliwa hapa hapa Likoni. Baba yake ndiye aliyetoka Kaloleni. Mtu wa kuja gani huyo, mwenye miaka arubaini na zaidi pale alipozaliwa? Na mtu huyo wa kuja ndiye aliyesimama, akashuka mtaroni, akamnyanyua. Wa damu yake alipita.

Nilimpandishia Ami sauti. Sijawahi. Nilimwambia, "Ami, hukunisitiri. Umenifunika kwa nguo ya mtu mwengine, na yeye ameachwa uchi." Akageuza uso ukutani. Nikatoka bila kuaga, na mpaka sasa ninapoandika sijui kama ninaona haya kwa hilo. Nadhani sioni.

Kwa Kazungu nilifika alasiri. Alikuwa ameketi mlangoni mwake anapasua dafu, muda ambao siku zote huwa stendi ya kivukoni akiita abiria. Mkewe alikuwa ndani. Aliposikia sauti yangu alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Hodi yangu haikuitikiwa na mtu.

Nilimwambia yote, nimesimama, kwa kuwa sikukaribishwa kukaa. Kalenda ya Juma, springi, lori, masufuria. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia hata mzee alijua. Hilo la mzee nililisema haraka, na nikaona likimwingia kuliko yote.

Akaweka panga chini.

"Nilimtoa mtaroni," akasema. "Aliniegemea hapa begani. Na alikuwa anajua?"

Nikasema ndiyo.

Nikamwambia nimefuta ile picha. Akasema picha iko kwenye simu za watu wote, nimefuta ya kwangu tu. Nikamwambia nitakwenda kwa mwenye tuktuk sasa hivi. Akasema, "Nenda."

Nilikwenda. Mwenye tuktuk ana duka la mbao, mtu mnene asiyeinua macho kwenye daftari lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye hana shida na Kazungu, tena alimpenda, lakini chombo chake kimepata jina baya na ameshampa dereva mwengine tangu Jumatatu. Amekubaliana naye, hawezi kumfukuza mtu asiye na kosa. Nikamwambia alimfukuza Kazungu asiye na kosa. Akasema, "Kwa sababu yako, mama." Akarudi kwenye daftari.

Nilitamani kumrushia kitu. Lakini hakusema uongo hata neno moja.

Nikarudi kwa Kazungu na jibu hilo. Na hapo ndipo nilipofanya upuuzi wangu wa mwisho wa siku. Nilimwambia aje aendeshe pikapu yangu. Ningebadilisha springi, yeye awe dereva, mimi nikae jikoni na masufuria yangu. Njia nzima nililipanga hilo na nikaliona ni zuri. Nilishajiona tunapeana mikono.

Akasema, "Mama Rukia, gari lako mimi siliendeshi."

Hakupiga kelele. Aliokota panga lake akaendelea na dafu.

Wallahi nilikasirika. Nilikasirika kwamba hakunisamehe. Nilitembea mpaka barabarani nikinung'unika kwamba nimekuja mwenyewe, nimejishusha, nimempa kazi, anataka nini zaidi. Nilifika karibu na kituo cha mafuta ndipo nilipojisikia ninavyosema. Siku nane nilimfanya awe mwuaji wa mzee wangu, na mimi nilitaka yaishe kwa alasiri moja, kabla sijachelewa kufuata vyombo kwa Juma.

Pikapu bado iko kwa Juma. Nimemwambia asiitoe mpaka springi ziwe mpya, na apime taa na masufuria yote juu, na Juma akinuna anune.

Ami amepiga simu mara tatu tangu magharibi. Mara ya tatu nilipokea. Ameshasikia kwamba nilikwenda kwa Kazungu. Hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja tu, nisiliandike. Yaishe kati yetu, akasema, watu watasahau.

Najua watasahau. Watasahau habari za pikapu, za springi na kalenda. Watakachobaki nacho ni uso wa Kazungu na matope yake magotini, na maneno yangu mawili chini yake.

Kwa hiyo Ami, naliandika. Jumatano ile, kwenye kona ya duka la kuni, aliyekutia kiwi ni mimi. Aliyekutoa ni Kazungu. Picha ya pikapu yangu, niliyopigiwa jioni hii bandani kwa Juma, nimeiweka hapa chini, mbele na nyuma, na mimi nimesimama kando yake. Wanawake wa majikoni, ile ya kwanza mliituma kwa haraka sana.

Tumeni na hii.