Picha ya Karakana Niliyoikatiza Katikati

Studio, juu ya duka la viatu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka Msumari,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. U hali gani huko? Kile kikohozi ulichokitaja kwenye simu kimekuachia, au bado kinakusindikiza kazini? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Goti langu linanung'unika nikipanda ngazi za studio, lakini ngazi hazina habari nalo, basi tunaendelea hivyo hivyo.

Shangazi Redio aling'olewa jino, na daktari akamwonya asizungumze siku nzima. Nadhani unajua nani alishinda.

Sasa nije kwenye agizo lako. Ulitaka picha ya karakana ya Baba kabla haijavunjwa, tena ukasisitiza Baba mwenyewe awemo. La kwanza lilikuwa jepesi. La pili ni kama uliniambia nikamkamue jogoo. Baba akiona kamera hukumbuka kazi iliyo nje. Kwenye picha za harusi yangu yumo kisigino tu, kinatoka mlangoni. Nawapiga picha watu wa mji mzima na baba yangu mzazi sina picha yake hata moja. Mganga hajigangi.

Nilikwenda Ijumaa. Umeme umeshakatwa, madirisha yamepigiliwa mbao, mwanga unaingia mlangoni na kwenye nyufa za bati. Wanunuzi wa mbao na vifaa vya Baba walikuwa wanaingia na kutoka, mabegani wamebeba mbao. Nikaona dawa ni picha ya kuacha jicho la kamera wazi kwa dakika kadhaa. Kwa picha ya namna hiyo, anayepita haachi alama. Kilichotulia ndicho kinachobaki. Wale wanunuzi wangetoweka wote, kama wageni wakati wa kuosha vyombo. Kamera yangu haiwezi kukaa jicho wazi muda wote huo, kwa hiyo niliazima ya mwenzangu anayepiga picha za harusi. Nikaisimamisha kwenye stendi, nikaiwekea muda, nikabonyeza.

Jicho likiwa wazi, Baba akaingia. Alikuwa nje akiisindikiza mashine yake ya randa ikipakiwa kwenye gari. Alinikuta nimefunga mikono.

"Bado hujapiga tu?"

"Naiandaa, Baba."

Uongo huo, kaka, na wala sitautubu. Hakusikia mlio, hakuona mwanga, akaniamini. Akamtoa mnunuzi wa mwisho, kisha akakaa. Hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye stuli yako, mbele ya benchi lako, lile la ukutani uliloliacha siku uliyosema useremala si wako. Akaweka mikono yote miwili juu ya benchi na kutazama misumari ya ukutani iliyokuwa ikitundikwa misumeno.

Habari ya mikono yake hujaambiwa. Inatetemeka tangu mwaka jana. Mwenye kiwanja kweli anataka kiwanja chake, lakini Baba hakubisha kwa sababu hawezi tena kukata mbao ikanyooka. Ukimuuliza anasingizia macho.

Nilibana pumzi. Mara nikaona goti lake linasogea, anataka kuinuka, na kamera ilikuwa imebakiza karibu nusu ya muda wake. Ningeiacha imalize, stuli tupu ingeendelea kuandikwa juu yake mpaka abaki wingu. Ningeikatiza, picha ingetoka na giza, na sikuwa na hakika kama kamera ya watu itakihifadhi kilichokwisha kuingia au itakitupa. Lakini siku nyingine ya kumpata amekaa ningeipata wapi? Nikabonyeza kile kitufe tena. Ikalia tak. Jicho likafumba.

Baba akageuka. Kioo cha kamera kilikuwa cheusi, na kitaa chekundu kinapepesa. Picha za namna hii, kamera ikishapiga hukaa muda mrefu ikizisafisha, na mwenzangu alinionya: kitaa hicho kikiwaka, ukiizima umepoteza kila kitu.

Unaijua sheria ya Baba. Kinachowaka bila kazi kizimwe. Wewe ulirudishwa njiani ukienda shule kwa ajili ya balbu ya stoo, ilhali umeshachelewa mtihani. Basi mzee aliona kitaa kinawaka peke yake, akainuka, akanyoosha mkono.

Nikamshika kiwiko, nikateleza nikamshika mkono. Sijawahi kumshika baba yangu hivyo maishani. Ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu.

"Usizime, Baba. Umo humo ndani."

Nilingoja kugombezwa. Aliniangalia, akasonya, lakini hakutoka. Tukasimama wawili tukikilinda kile kitaa kama watu wanaongoja maziwa yasifurike, na mkono wake sikuuachia.

Picha ikaja. Nimeiongezea mwanga kidogo hapa studio, nayo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Tazama benchi, tazama jiliwa lako la kubania mbao, tazama doa la gundi uliyoiunguza. Wanunuzi hawamo hata mmoja. Baba yumo, ila mbao za ukuta zinaonekana kupitia shati lake. Halafu tazama mikono. Niliogopa itakuwa ukungu mtupu. Imetoka wazi, mpaka ule ukucha wa gumba uliopondwa na nyundo. Juu ya benchi lako ilikuwa imetulia. Nililia, nakwambia kweli, na Baba aliiona mikono hiyo kabla yangu. Alisogeza uso kwenye kioo, kisha akaiangalia mikono yenyewe, ambayo ilikuwa imeshaanza tena.

Akauliza mbona amekuwa kama pazia. Nikamweleza: alikuja kazi imeshaanza, na mimi nikaikatiza kabla haijaisha. Akafikiri kama anavyofikiri kabla ya kugusa ubao kwa msumeno.

"Basi hiyo ni ya kujaribia. Mwambie Msumari aje. Tutakaa naye, mwanzo mpaka mwisho."

Hakusema "yule", kaka. Miaka yote hii umekuwa "yule". Kisha akaibeba stuli yako, akaenda nayo nyumbani. Haiuzwi. Iko sebuleni, na hakai mtu.

Shangazi Redio anakusalimu kwa sauti, na shemeji yako pia. Wabusu watoto, mwambie wifi viatu vilifika na vimenienea. Mungu awafunike huko mliko na awanyooshee njia ya kurudi. Kamera nimeirudisha kwa mwenyewe, naye amekubali kuniazima tena siku utakayofika.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku