Simu Iko Salama Baraka

Mama Wilondja, mke wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti la mama limepata nafuu? Na wewe, umekula leo au unashinda na chai tupu? Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu nalia tu. Mwili wangu uko hapa Kanada, kwenye kiwanda cha kuku, lakini roho haiko popote.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka simu imepata moto: "Baba Wilondja, mutoto hayuko. Batu banasema alipanda Fizi na bale bavijana ba mu pori." Nilikujibu kwa ukali, nisamehe. Ile programu ya kuchunga watoto niliyoiweka kwenye simu yake ilinionyesha yuko palepale mjini Baraka, karibu na soko, hajasogea. Nikampigia. Akapokea mwenye kibanda cha kuchaji: "Papa, simu iko hapa kwangu. Aliiacha kwa chaji, hajarudia." Nimekaa ugenini mpaka nimesahau kwamba kwetu simu hulala kwa mtu wa chaji, mwenyewe akaenda zake!

Programu hiyo ilizuia picha za uchi, ikazuia michezo, na kila juma ilinipa hongera. Lakini zile sauti walizomtumia kwenye simu, za kuita vijana wakapigane huko njia ya Minembwe, zilikuwa za Kibembe, lugha yetu, na programu haijui Kibembe. Ilimfumba macho asione uchi, ikamwachia bunduki. Nacheka huku nalia, mke wangu.

Usiniambie maji yakimwagika hayazoleki. Ni mtoto bado, hata ndevu hana. Kaka yako wa Fizi aende leo, asingoje Jumapili. Mjomba husikilizwa pale baba hasikilizwi. Azungumze na wakubwa wa hao vijana wa porini, apige magoti ikibidi. Mimi nimeomba ruhusa kazini nije, wamekataa, na nikiondoka hivi hivi sitarudi tena hapa. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata tulipokimbia vita pamoja.

Nisalimie mama, shemeji, na mke wa mchungaji anayetuombea. Dada yangu wa Kazimia asiambiwe bado, ana presha.

Wilondja akirudi, usimuulize alikuwa wapi. Mimi pia sitamuuliza. Mpe ugali wetu wa bukari na ndagala za ziwani, ale ashibe, umfungie mlango, alale.

Mume wako,
Baba Wilondja