Makungwi Wawili si Ruksa

Ruaruke, 9 Agosti 1992

Kwa mke mwenzangu Hanifa,

Asalaam aleikum. Mie sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha kila alfajiri kuwa bado liko. Mama yako hajambo. Mbuzi kazaa. Salamu zimekwisha, sasa sikiliza.

Barua yako ilinikuta kwa Mwanawetu, tunatwanga mpunga. Nikajitia kuisoma kwa sauti, wasikie kuwa Bi Hadija hakwenda bure kisomo cha watu wazima, na mjukuu wake amechaguliwa shahada ya pili Chuo Kikuu. Wakapiga vigelegele. Nikasoma kuwa unakwenda kusomea mikoko, wakacheka: mikoko iko Nyamisati, yeye anaifuata Mlimani! Nami nikacheka. Kisha nikafika pale ulipoandika: "Dokta atakayenisimamia ni mwanamke wa bara. Amenipokea nyumbani kwake hadi chuo kifunguliwe, ananielekeza kila kitu. Huyu ndiye kungwi wangu sasa."

Michi ikanyamaza. Mwanawetu akasema, "Shoga, mwali kakukimbia? Ulimfunza nini hata akatafuta mwingine?"

Wee mtoto! Nani alikuweka ndani ulipovunja ungo, akakuogesha, akakufunza kukaa na kusema na watu? Mtu hubadili mume, hubadili nyumba, lakini kungwi habadilishwi. Siku hizi mnasema kila kitu ruksa. Haya, mitumba ruksa, maduka ruksa. Makungwi wawili si ruksa.

Njoo kabla chuo hakijafunguliwa, nikufukize udi na kukuombea dua, kama inavyompasa mwali anayekwenda mbali. Doti yako ya khanga nshainunua Kibiti.

Bibi yako, tena kungwi wako,
Hadija


Dar es Salaam, 21 Agosti 1992

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, na hongera ya mbuzi. Mimi ni mzima wa mwili, kinachoniuma ni barua yako. Neno lile niliandika kwa mzaha. Sikujua ungelisomea kinuni! Nisamehe.

Lakini kuja siwezi, bibi. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao na Dokta amenipa vitabu nivimalize kabla. Wenzangu nitakaoanza nao, wengine wamekwisha kufundisha watu. Mimi naogopa nitafungua mdomo nichekwe. Dokta akiniambia, "Mwanangu, utaweza," ndipo napata usingizi. Jioni ananichana nywele huku tunasoma. Ungemjua ungempenda. Udi na khanga nitumie kwa basi.

Mjukuu wako,
Hanifa


Ruaruke, 30 Agosti 1992

Hanifa,

Leo sina salamu.

Udi haupandi basi peke yake. Anakuchana nywele! Nywele hizo nimezipaka mafuta ya nazi tangu zikiwa laini kama manyoya ya kifaranga, leo zimepata mwenyewe mwenye digrii. Na hilo "mwanangu" nimeliona. Ukiogopa, unalala kwa neno la huyo. Zamani ukiogopa ulikuwa ukikimbilia mgongo wa nani?

Kaa naye. Mwanawetu akiniuliza, nitamwambia mwali wangu nimemwoza kwa karatasi. Usiniandikie.

Bi Hadija


Dar es Salaam, 1 Oktoba 1992

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na goti halikuvimba kwa safari. Ulinikataza kuandika, kisha ukaja mwenyewe bila hata kupiga hodi kwa barua. Basi na mimi naandika.

Ulikuja kugomba, bibi. Ulisimama mlangoni na mkoba wako ukasema, "Yuko wapi huyo mwizi wa mwali wa watu?" Mimi nilitaka ardhi inimeze. Dokta akapiga goti kukuamkia. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikasikia sauti yako inapanda, kisha inashuka, kisha siisikii tena. Narudi na birika, namkuta Dokta kakaa mkekani, kichwa pajani mwako, unamsuka! Analia, ati mama yake alimwacha mdogo na hakuna mtu wake aliyewahi kumsuka. Nawe unamwambia, "Nyamaza, mwanangu." Mwanangu!

Ukafukiza udi, ukamfukiza na yeye. Halafu ile doti yangu, bibi, uliyoninunulia mimi, ukaomba kisu ukaikata katikati. Kipande kwake, kipande kwangu. Tangu lini doti ya mwali mmoja ikavaliwa na wawili? Wewe si ndiye uliyesema makungwi wawili si ruksa? Je, wali wawili?

Chuo kimefunguliwa. Jana nilisema mbele ya darasa na sikuchekwa. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini Dokta naye anakuandikia leo, karatasi mbele na nyuma, na ameifunika kwa mkono nisione. Labda amekwisha kukwambia.

Mjukuu wako, kama bado una nafasi,
Hanifa


Ruaruke, 9 Oktoba 1992

Kwa mke mwenzangu Hanifa,

Marahaba. Goti lilivimba, likanywea. Mwanambuzi anakimbia.

Kumbe hilo "mwanangu" linauma, eh? Ndicho nilichokuwa nakitafuna mie tangu Agosti, kikavu, bila mchuzi. Tafuna na wewe kidogo.

Nilikuja kumtoa yule mwanamke macho, nakwambia kweli. Nikamkuta ni mtu mzima hajachezwa unyago, hana kungwi, hana wa kumwambia jambo. Ningekuachia wewe umlee? Nimemtia ndani. Kwa hiyo sasa sikiliza vizuri. Huko darasani yeye mkubwa wako, mtii. Huku kwangu wewe ulitangulia, yeye ni mdogo wako. Mkifunga chuo mje wote, na mlangoni utaanza kuingia wewe, yeye abebe mzigo. Mwanawetu nimemwambia nina mwali Dokta. Tangu siku hiyo anatwanga kimya.

Hukuchekwa, nimesikia. Mgongo wangu bado uko hapa.

Barua yake ilifika Jumanne, yako Alhamisi. Yake bado sijaifungua. Nimeona nikujibu wewe kwanza.

Bibi yako,
Hadija