Herufi ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umepata nafuu. Shuka za hospitali bado mnazifua kwa mikono, au ile mashine imetengenezwa hatimaye? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, isipokuwa masikio yamezidi kuwa mazito. Juzi nilimwambia maji yamechemka, akanijibu kwamba hata yeye anamkumbuka marehemu. Anauliza kila wiki kwa nini huji. Namwambia una kazi nyingi, ingawa sababu naijua.

Nimepata kazi tena, na kazi yenyewe ni kukata meli. Kuna watu wamekodi ufuo ule ulio nyuma ya ghala la mbao. Meli zilizochoka zinavutwa hadi mchangani, nasi tunazipanda na mitungi ya gesi na kuzikata vipande. Mwezi uliopita walileta ya tano. Niliitambua kabla haijagusa mchanga. Ni meli yetu, Dada. Ile rangi ya kijani mliyoipaka kwa mbwembwe imebaki mabaka tu, lakini ni yenyewe.

Historia yake unaijua. Nivumilie niirudie, maana pale ninapotaka kufika sina njia nyingine ya kupafikia.

Ilianza maisha ikiitwa NEEMA. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa akimcheka nani, kwa sababu miaka kumi na tisa ilibeba matope ya sumu kutoka kiwandani, ikaenda nayo mbali, ikafungua tumbo na kurudi nyepesi. Baba alikuwa mchomeleaji wake. Bila shaka unaikumbuka harufu ya ovaroli yake, na jinsi Mama alivyokuwa akiifua peke yake kwenye beseni lake. Unajua pia kwamba jina la meli haliandikwi kwa rangi tu. Herufi huchomelewa kwanza, zikainuka juu ya chuma kama mshono wa nguo, ndipo mtu wa rangi akaufuata mshono huo. Ubavu wa kushoto alipewa fundi mwingine. Wa kulia alipewa Baba, ambaye hakusoma hata darasa moja. Akanakili kutoka kwenye karatasi, na ile N akaigeuza, mstari wake wa mshazari ukalala upande usio wake. Gati zima lilimcheka. Alinuna wiki nzima, kisha akatangaza kwamba lile si kosa, ni sahihi yake. Tangu hapo kila tulipopita bandarini alituonyesha: ile pale, sahihi ya baba yenu.

Kifua kilipomuua, kiwanda kilituma kadi yenye maua, na jina lake walilikosea. Miaka michache baadaye watu wakaanza kupiga kelele kuhusu samaki waliokufa, na wakuu wa bandari wakatoa amri kwamba NEEMA isisafiri tena, matangi yake yana sumu. Ikafungwa kamba ioze. Hapo ndipo kikundi chenu cha kutetea bahari kikaichukua kama chuma chakavu. Mliosha yale matangi kwa ndoo miezi mitatu, mikono ikawatoka magamba. Mkalikata bomba la moshi, mkajenga chumba kipya juu, na Mwenyekiti wenu akaitafutia karatasi mpya kana kwamba ni meli nyingine kabisa, MTETEZI. Kazi ya kulisaga jina la zamani mlinipa mimi, kabla wenzenu hawajaiona, kwa hiyo kwamba ilikuwa NEEMA tulijua watu wanne tu: Mwenyekiti, wewe, mimi, na mchumba wako, Bwana Redio, msemaji wenu kwenye redio ya meli.

Nilijivunia ile meli kuliko kitu chochote. Ilikuwa imemla Baba, na sasa inawatetea watoto wa wengine. Nilikukodolea macho siku ulipoipitisha boti ya mpira mbele ya pua ya meli mpya ya kiwanda, wanaume wazima wameshika vichwa gatini, wewe unacheka. Mara ishirini na mbili mliwarudisha na uchafu wao.

Halafu ikaja asubuhi ile. Walinzi wa bandari walifika na mashua tatu, wakawashusha nyote kwa ngazi ya kushoto, wakasema meli imetambuliwa kuwa NEEMA na mmevunja amri. Mahakamani hawakusema imetambuliwaje. Waliona faida kuwaacha mshukiane, na hawakukosea. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyooshea kidole Bwana Redio, kwamba mtu anayeongea hewani kutwa nzima hawezi kukosa kuropoka. Ukafungwa miezi kumi na moja.

Nilipokuja kukuona mara ya kwanza, uliniuliza jambo moja tu kupitia ule wavu. Uliniuliza kama jina la zamani nililisaga lote. Nikakujibu, "Lote, Dada."

Sikulisaga lote.

Ubavu wa kushoto niliusaga hadi chuma kikang'aa. Wa kulia nilianzia mwisho, nikaondoa A, nikaondoa M, nikaondoa E zote mbili. Nilipofika kwenye N nilizima mashine. Baba hakutuachia picha ya maana, hakutuachia hata mstari mmoja wa maandishi. Ile ndiyo herufi pekee aliyopata kuiandika, na mimi ndiye niliyetumwa kuifuta. Nikaisawazisha kwa puti, nikapaka rangi, nikajiambia hakuna atakayejua. Chumvi ikaibandua puti. Nyinyi mliokuwa ndani hamkuweza kuiona. Mtu aliye melini haoni ubavu wa nje. Lakini kila mzee wa bandari aliijua ile N iliyogeuka.

Na nisijifiche nyuma ya Baba. Siku nne baada ya nyinyi kukamatwa nilipita na mtumbwi karibu na meli, nikaiona, imetokeza wazi. Nilipokujibu pale kwenye wavu, nilikuwa nimeshaiona. Niliogopa utanichukia. Basi nikakuacha umchukie mwingine. Ulipomrudishia pete yake na kuuhama mji ili usimwone, ni mimi niliyeibeba, na nikaipokea mkononi mwako bila kusema neno.

Mwenyekiti siku hizi anavaa tai. Ana ofisi kwenye kiwanda kilekile, mshauri wa mazingira, na mlangoni pameandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Meli tulipolipasua tumbo lake, mafuta meusi yalitiririka hadi pale uliponifundisha kuogelea. Msimamizi alisema yatasombwa na maji. Wale walioosha matangi kwa ndoo hata mmoja hakuja kuangalia.

Alikuja Bwana Redio peke yake. Ana banda nyuma ya posta, anatengeneza redio, na watu wa kikundi wakipita bado wanageuza shingo. Alisikia meli inakatwa, akaja kuomba kile kipaza sauti cha zamani. Akakikuta kipande nilichokuwa nimekikata asubuhi hiyo, kimelala mchangani, N ikitazama juu. Ulishawahi kumsimulia habari za sahihi ya Baba. Alichuchumaa, akaipitishia kidole. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Alisema, "Miaka sita najiuliza ni neno gani lilinitoka."

Dada, yule mtu alikuwa ameamini. Tulimwambia ameropoka hadi naye akaanza kulitafuta hilo neno, kila siku, katika kila alichowahi kutamka kwenye kile kipaza sauti. Nilimwambia nitakuja kwako mwenyewe nikueleze. Akasema ukiniona utalia, na ukilia utanisamehe kabla hujaelewa, kwa hiyo bora niandike. Nami namtii, walau mara hii moja.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba umwandikie yeye. Kile kipande nilitakiwa kukipeleka kwenye tanuru pamoja na vingine. Kiko chini ya kitanda changu. Nilikiwekea mashine tena juzi, nikashindwa tena.

Wasalimie wenzako wa chumba cha kufulia. Mama anakusalimu sana. Leo, kwa mara ya kwanza, alipouliza kwa nini huji nilimweleza, na nililazimika kupiga kelele ili anisikie, kwa hiyo sasa majirani nao wanajua.

Ni mimi mdogo wako,
Cheche, aliyekwambia "Lote".